Mwanafunzi Akisukumwa Pembeni, Uwanja Mzima Unapoa

Watu wengi wanaoangalia mpira wa vyuo vya Marekani kwenye TV wanasikia kelele tu na kuona jukwaa zima la nguo nyeupe pale Penn State, au stendi inayoyumba pale Texas A&M, wanadhani mambo hayo yanatokea yenyewe. Hayatokei yenyewe. Kuna watu ofisini wamekaa na ramani ya uwanja wakaamua wanafunzi wakae wapi, wawe wangapi, walipe shilingi ngapi na waingie kwa utaratibu gani, na wakikosea hapo uwanja wa watu laki moja unakuwa kimya utafikiri watu wamekuja msibani. Mimi hili jambo nalifuatilia muda mrefu na msimamo wangu nausema mapema kabisa: siti ya mwanafunzi ndiyo siti muhimu kuliko zote uwanjani, na vyuo vingi vinaipanga kama kitu cha kugawa kile kilichobaki baada ya matajiri kuchagua.

Kwa ambao hawajauzoea mchezo wenyewe, naongelea ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu, unaochezwa na timu za vyuo vikuu siku ya Jumamosi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba. Chuo kinapata mechi sita, saba, ikizidi sana nane za nyumbani kwa msimu mzima, basi. Na viwanja vyao ni vikubwa ajabu. Uwanja wa Michigan pale Ann Arbor unabeba watu 107,601, Beaver Stadium ya Penn State zaidi ya 106,000, Kyle Field ya Texas A&M 102,733, Ohio State nao wako juu ya laki. Timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, zenye wachezaji wa mamilioni hazina viwanja vya ukubwa huo. Ndani ya hao watu laki, wanafunzi Alabama wanapata kama siti 17,000, Penn State zaidi ya 20,000, na A&M wanavuka 30,000.

Sasa ukiwa na mechi saba tu kwa mwaka na uwanja umejengwa kwa mamilioni ya dola (A&M walitumia dola milioni 485 kuijenga upya Kyle Field mpaka 2015, Penn State sasa hivi wako kwenye ukarabati wa dola milioni 700), kila siti inapigiwa hesabu. Na hesabu yenyewe kwa muda mrefu ilikuwa hivi: ukitaka tiketi nzuri za msimu, hununui tiketi tu, unatoa kwanza mchango kwa mfuko wa michezo wa chuo ndipo unapata haki ya kununua. Kwa karibu miaka 30 sheria ya kodi ya Marekani ilikuwa inamruhusu huyo mtoaji akate asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, kana kwamba ametoa sadaka, mpaka sheria mpya ya Desemba 2017 ilipofuta jambo hilo. Unaona mvutano ulipo? Siti moja ya katikati ya uwanja, pale kwenye mstari wa yadi 50, mtu mwenye kampuni yake anaweza kuilipia maelfu ya dola kila mwaka. Akikaa mwanafunzi pale pale chuo kinapata vijidola vichache. Ndiyo maana miaka yote hii vyuo vingi vimekuwa vinawasogeza wanafunzi taratibu, kutoka katikati kwenda kwenye kona, kutoka kwenye kona kwenda nyuma ya goli, kutoka nyuma ya goli kwenda ghorofani.

Na hapo ndipo wanapokosea, maana yule tajiri wa yadi 50 analipa hela yote hiyo kwa ajili ya nini? Mpira wenyewe anaweza kuuona vizuri zaidi nyumbani, kwenye TV kubwa, choo kiko karibu, bia haina foleni. Anakuja kwa sababu ya ile hali ya uwanjani. Bendi ya chuo, nyimbo, wanafunzi wamesimama saa tatu na nusu bila kukaa, timu ngeni haisikii maelekezo ya kwarterbeki wao (yule mchezaji anayeongoza mashambulizi) mpaka wanaanza kuchanganyana na kupewa adhabu. Hiyo hali inatengenezwa na wanafunzi. Ukiwaondoa au ukiwatawanya umeiharibu bidhaa uliyomuuzia yule tajiri, na wewe mwenyewe ndiye uliyeiharibu.

Mfano ambao kila mtu anayepanga tiketi za wanafunzi angepaswa kuusoma vizuri ni Michigan ya 2013 na 2014. Mkurugenzi wa michezo alikuwa Dave Brandon, mtu aliyetoka kuongoza kampuni ya Domino's Pizza, mtu wa biashara hasa. Tatizo alilokuwa nalo lilikuwa la kweli, hilo nakubali: wanafunzi walikuwa wanachelewa, mechi inaanza na jukwaa lao lina mapengo makubwa yanaonekana kwenye TV. Mfumo wa zamani ulikuwa unagawa siti kwa mwaka wa masomo, wa mwaka wa mwisho wanakaa chini karibu na uwanja, wa mwaka wa kwanza juu kabisa, na marafiki wanaweza kujiandikisha kama kundi wakae pamoja. 2013 akaufuta wote. Ikawa anayewahi ndiye anayekaa mbele, tiketi haina namba ya siti.

Kwenye karatasi inaonekana haki tupu. Ila fikiria mwanafunzi aliyekaa miaka mitatu juu kule karibu na mawingu akisubiri zamu yake ya kukaa chini, mwaka wa nne ndio unafika, anaambiwa zamu imefutwa panga foleni na mtoto aliyeripoti chuoni wiki mbili zilizopita. Na wale washkaji zake wanane, mmoja ana kazi ya Jumamosi asubuhi, mwingine yuko maabara, hawawezi kufika pamoja, kwa hiyo hawakai pamoja. Na Jumamosi ya mpira Marekani watu wanaanza asubuhi kuchoma nyama na kunywa kwenye maegesho, hiyo ni nusu ya siku yenyewe, sasa ukimwambia aache hayo yote akakae kwenye benchi tupu saa mbili kabla ya mechi ujue umempa sababu ya kubaki huko huko. Bei nayo ilikuwa inakaribia dola 300 kwa msimu, kwa mtu anayekula tambi za pakiti.

Wanafunzi walikasirika, serikali yao ya wanafunzi ikafanya utafiti na kukaa mezani na uongozi, na msimu wa 2014 utaratibu ukarekebishwa, siti bora zikaanza kwenda kwa wale wenye rekodi nzuri ya kuhudhuria. Lakini walikuwa wamechelewa na bei ilibaki juu, halafu ratiba ya mwaka huo ilikuwa mbaya kweli kweli, maana mechi kubwa na Ohio State, Michigan State na Notre Dame zote zilikuwa ugenini mwaka mmoja. Kutoka karibu tiketi 20,000 za msimu walizonunua wanafunzi mwaka mmoja nyuma, zikabaki kama 12,000. Ukitoa watu elfu nane wenye sauti kubwa kuliko wote humo ndani hutawafidia na mtu yeyote. Septemba mwaka huo ikatokea hadi promosheni ya kununua Coca-Cola mbili upewe tiketi mbili za mechi na Minnesota, ikafutwa haraka baada ya watu kupiga kelele, na kwa chuo ambacho kinajivunia kuwa na zaidi ya watu laki kila mechi tangu 1975 hiyo ilikuwa aibu kubwa. Mwisho wa Oktoba 2014 Brandon akajiuzulu. Sababu zilikuwa nyingi, timu ilikuwa inafungwa, na kulikuwa na hasira kubwa kuhusu mchezaji aliyerudishwa uwanjani akiwa ameumia kichwa, lakini wanafunzi walioandamana kumtaka aondoke walikuwa na hasira ya tiketi tayari imewajaa. Mwaka uliofuata tiketi ya msimu ya mwanafunzi ikashushwa hadi dola 175.

Somo ambalo watu wengi walilichukua pale ni kwamba bei ilikuwa kubwa. Sawa, ilikuwa kubwa. Lakini mimi naona bei ilikuwa jambo la pili. La kwanza ni kwamba walivunja kitu ambacho mwanafunzi anakijia uwanjani, kukaa na watu wake. Mtu wa miaka 19 haendi kwenye mechi peke yake kama mzee wa miaka 60 mwenye kitabu cha takwimu. Anaenda na kundi. Ukipanga siti kwa mtu mmoja mmoja umeshapanga vibaya kabla hujafika kwenye bei.

Na kuna jambo jingine la huo mfumo wa anayewahi ndiye anayekaa, ambalo ni zito zaidi na watu wanalisahau, usalama. Tarehe 30 Oktoba 1993, pale Camp Randall, uwanja wa Wisconsin mjini Madison, timu yao iliifunga Michigan 13 kwa 10. Wanafunzi wakataka kushuka uwanjani kushangilia. Walioko mbele wakakuta vyuma na geti, hakuna pa kupita, walioko nyuma hawaoni kinachoendelea wanazidi kusukuma, vyuma vikakatika, watu wakaangukiana. Zaidi ya watu 70 waliumia, wengine walikuwa hawapumui walipotolewa chini ya wenzao, na walioanza kuwatoa ni pamoja na wachezaji wenyewe waliokuwa bado na jezi za mechi. Hakufa mtu, na ukisoma maelezo ya siku ile unashangaa imekuwaje hakufa mtu.

Ninalitaja hili kwa sababu upangaji wa siti za wanafunzi una hesabu ambayo haipo kwenye majukwaa mengine. Benchi la aluminiamu linapigiwa kawaida inchi 18 kwa mtu mmoja. Wanafunzi hawakai, wanasimama, tena wengi wanasimama juu ya benchi, na kama siti hazina namba basi safu ya watu 20 inabeba 28 kwa sababu kila mmoja ana rafiki yake aliyepewa tiketi ya juu lakini anataka kushuka chini. Njia za kupita zinajaa. Mtu akizimia kwa joto mhudumu wa kwanza hafiki. Kwa hiyo ukimwachia kila mtu ajichagulie sehemu, ile safu ya chini kabisa ndiyo inapata mzigo wote, na safu ya chini ndiyo iliyo karibu na vyuma. Mpangaji akikuambia siti zisizo na namba zinapunguza gharama ya wasimamizi, muulize ameweka wasimamizi wangapi kwenye zile safu kumi za mwanzo.

Texas A&M wamelipanga jambo hili kwa namna yao na mimi nawapenda kwa hilo, ingawa lina kasoro zake. Pale wanafunzi wanasimama mechi nzima kwa sababu ya hadithi ya E. King Gill, kijana aliyekuwa jukwaani Januari 1922 kwenye mechi na Centre College, wachezaji wakaumia wengi mpaka kocha akamwita ashuke avae jezi akae tayari, ikitokea timu imeishiwa watu. Hakuingia kucheza. Ila alikuwa amesimama tayari, na mpaka leo wanafunzi wote wanajiita mtu wa 12, maana timu ina wachezaji 11 uwanjani, na wanasimama. Tiketi za mechi wanazichukua wiki ya mechi yenyewe: Jumatatu ni wa mwaka wa nne, Jumanne wa tatu, Jumatano wa pili, Alhamisi wa kwanza. Mmoja anaweza kwenda dirishani na kadi za kundi zima akatoka na siti zenye namba, za pamoja. Angalia jinsi utaratibu huo unavyotibu mambo mawili kwa mpigo, kundi linakaa pamoja na mwenye miaka mingi anaheshimiwa, na siku ya mechi hakuna kusukumana maana kila mtu ana namba yake. Kasoro yake ni foleni, kukiwa na mechi kubwa kama ya Texas au Alabama watu wanapiga mahema nje ya uwanja siku kadhaa, wanakosa vipindi. Penn State nako kuna kijiji cha mahema kinaitwa Nittanyville, ila pale angalau wanaolala nje ni wale wanaogombea safu za mbele tu, na wana utaratibu wao. Kulala nje ukiwa unapenda ni raha, mimi sina neno, lakini isiwe ndio njia pekee ya kupata siti, kwa sababu mwanafunzi anayefanya kazi usiku, au mwenye mtoto, au mwenye ulemavu, huyo umemtoa moja kwa moja.

Halafu kuna Alabama. Timu yao ilikuwa inashinda sana kiasi kwamba wanafunzi walikuwa wanaondoka mapumziko, mechi imeisha 52 kwa 0 dhidi ya Arkansas Oktoba 2013 na jukwaa la wanafunzi tupu, kocha Nick Saban akalalamika hadharani, na akaja kulalamika tena miaka ya mbele. 2019 wakaleta programu ya simu inayojua mwanafunzi yuko wapi: ukiingia unapata pointi 100, ukibaki mpaka robo ya nne unapata 250, na mwenye pointi nyingi anapewa kipaumbele kwenye tiketi za fainali ya kanda na za mchujo wa kitaifa. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Kwanza kumfuatilia mtu mzima kwa simu yake ili uhakikishe yuko kwenye burudani ni jambo la kutisha, hata kama amebonyeza kukubali. Pili halitibu ugonjwa. Septemba kule Tuscaloosa, mji wa chuo hicho, jua linaunguza, benchi la chuma linachoma mapaja, mechi ni ya timu dhaifu iliyolipwa kuja kufungwa, saa imepangwa na televisheni, mara nyingi inatangazwa siku 12 au hata 6 tu kabla. Ukimpa pointi abaki, atabaki anaangalia simu. Mwili umebaki lakini sauti imeondoka, na wewe ulikuwa unahitaji sauti.

Tena hili la kutojaa si la wanafunzi peke yao. Wastani wa mahudhurio ya ngazi ya juu ya mpira wa vyuo 2018 ulikuwa 41,856, wa chini kuliko miaka yote tangu 1996, na hizo ni namba zinazotangazwa, tiketi zinazoskaniwa getini huwa ni chache zaidi. Northwestern wamelielewa hilo, uwanja wao mpya pale Evanston umepangwa kubeba watu 35,000 wakati wa zamani ulikuwa unabeba kama 47,000. Uwanja mdogo uliojaa unashinda mkubwa wenye mapengo, ila ukipunguza siti 12,000 lazima uulize zimetoka kwa nani.

Ningepewa mimi hiyo ramani ningeanza na daftari la tiketi zilizoskaniwa. Kila chuo kina hizo namba, mechi kwa mechi, dakika kwa dakika, na vingi vinapanga ukubwa wa jukwaa la wanafunzi kwa mazoea au kwa makubaliano ya miaka ya nyuma. Mechi dhidi ya timu dhaifu saa sita mchana mwezi Septemba wanakuja elfu 11, mechi ya mahasimu usiku wa Novemba wanataka kuja elfu 25, kwa nini siti ziwe elfu 17 mechi zote? Weka jukwaa linalopanuka na kusinyaa, lenye kiini ambacho hakiguswi na sehemu za pembeni zinazofunguliwa kwa wanafunzi kwanza mechi kubwa na kuuzwa kwa bei rahisi kwa wakazi wa mji mechi ndogo. Mwanafunzi asiyekuja arudishe tiketi kwenye simu kabla ya Alhamisi usiku bila adhabu yoyote, iende kwa mwanafunzi mwenzake aliye kwenye orodha ya kusubiri. Anayekaa kimya na tiketi mara tatu ndiye akose mechi kubwa. Hiyo inatosha kabisa, huhitaji kujua alipo saa tisa na nusu alasiri.

Siti ziwe na namba na zipangwe kwa makundi, isipokuwa safu za chini kabisa, hizo ziwe za wanaowahi, lakini kwa mkanda wa mkononi unaotolewa getini kwa idadi kamili ya watu wanaotosha pale, ukiisha umeisha. Wenye viti vya magurudumu wawe humo humo kati ya wanafunzi wenzao na rafiki zao pembeni, wasiwekwe jukwaa lingine la mbali na kuambiwa sheria imetimizwa. Bendi ikae katikati yao au jirani kabisa. Maji yawe bure jukwaani, na hili nalisema nikiwa makini kuliko yote niliyosema, kwa sababu watu wengi wanaotoka mapumziko wanatoka kwa kiu na hawarudi. Na lote hilo liwe chini, karibu na mstari, upande mmoja mzima kama inawezekana. Nyuma ya goli nakubali, kelele pale zinamsumbua mpinzani akikaribia kufunga, ila ghorofani hapana, kule sauti inapotelea hewani.

Nataka hili lijadiliwe sasa hivi kwa sababu shinikizo la hela limeongezeka kuliko wakati wowote. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa hiyo vyuo vikubwa sasa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza wa 2025-26. Mimi naona wachezaji walistahili kulipwa zamani sana. Lakini hiyo hela lazima itoke mahali, Tennessee walishatangaza tangu 2024 kwamba wataongeza asilimia 10 kwenye bei ya tiketi kwa ajili ya vipaji, yaani wachezaji, na kila mkurugenzi wa michezo nchi nzima sasa hivi anaangalia ramani ya uwanja wake akitafuta siti ambazo hazizalishi. Jicho lake la kwanza litatua kwa wanafunzi. Kwenye vyuo kadhaa hao hao wanafunzi wanailipia michezo kupitia ada ya lazima, James Madison pale Virginia ada hiyo imevuka dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, aende mechi asiende, kwa hiyo hata ile hoja kwamba wanakaa bure haisimami.

Kwa hiyo kabla hawajazichora upya hizo ramani, serikali za wanafunzi zidai mambo mawili kwa maandishi: namba za tiketi zilizoskaniwa ziwekwe wazi mechi kwa mechi, za wanafunzi na za wafadhili pia, na jukwaa la wanafunzi lisihamishwe hata safu moja bila wao kuwa kwenye hicho kikao. Michigan walikaa kwenye meza hiyo baada ya mambo kuharibika, na siti elfu nane zilikuwa zimeshapotea.